Picha ya Nani? Maonyesho ya Tilda Swinton Yakitazamwa kutoka Moshi

Katika mabanda ya video ya Pasua na Majengo, hapa Moshi, swali la mlangoni lilikuwa moja tu: "Leo picha ya nani?" Na jibu halikuwa jina la mwongozaji hata siku moja. Picha ilikuwa ya Bruce Lee, ya Rambo, ya Van Damme; miaka ya baadaye ikawa ya Kanumba. Staringi ndiye mwenye picha. Aliyeandika, aliyeongoza, aliyekata na kuunga, hao walipita kwenye maandishi ya mwisho wakati watu wameshainama kutafuta ndala zao. Halafu tukaja chuoni, tukaambiwa kwamba banda zima lilikosea: picha ni ya mwongozaji, mwigizaji ni kalamu tu mkononi mwake. Tukayaandika hayo kwenye mitihani, tukapata alama zetu.

Kiswahili chenyewe kimekataa kuhukumu kesi hii. Neno picha ni lile lile kwa filamu, kwa mchoro wa rangi, na kwa ile karatasi tunayopigwa tukivaa joho la mahafali. Tena ukisema "picha ya Amina" hujasema kama Amina ndiye aliyeichora, au ndiye anayeimiliki, au ndiye anayeonekana ndani yake. Mwalimu wa sarufi ataliita jambo hili utata. Mimi naona ni akili ya lugha, na makala haya yanakusudia kuitumia kupimia maonyesho moja ya mbali, kisha nirudi nayo huku mlimani.

Maonyesho yenyewe yalifunguliwa tarehe 28 Septemba 2025 katika Eye, jumba la makumbusho ya filamu la Amsterdam, Uholanzi, na yalipangwa kwisha tarehe 8 Februari 2026. Yanaitwa Ongoing, jina la kitu kinachoendelea, kisichofika mwisho. Mhusika wake si mwongozaji wala mchoraji. Ni mwigizaji, Tilda Swinton, pamoja na wasanii wanane aliofanya nao kazi: Derek Jarman, Joanna Hogg, Pedro Almodóvar, Luca Guadagnino, Jim Jarmusch, Apichatpong Weerasethakul, mpigapicha Tim Walker, na Olivier Saillard, mwanahistoria wa mavazi. Amsterdam sikwenda, nani ana nauli hiyo? Ninachohakiki ni mpango wa maonyesho, uteuzi wa vitu vyake, na filamu zilizo nyuma yake, ambazo baadhi yetu tumezitazama kwenye kompyuta za kuazima. Anayeona kwamba hiyo si haki na akumbuke ni tamthilia ngapi tumezihakiki darasani bila kuziona jukwaani.

Nianze na Jarman, maana bila yeye hoja haisimami. Jarman alisomea uchoraji kabla ya kushika kamera. Swinton, aliyezaliwa London mwaka 1960, alitokea kwa mara ya kwanza katika filamu yake ya Caravaggio mwaka 1986, filamu ambayo yenyewe inamhusu mchoraji, na wakafanya kazi pamoja mpaka Jarman alipofariki mwaka 1994. Tazama The Last of England ya mwaka 1987. Karibu na mwisho kuna bibi harusi peke yake, kando ya moto, upepo unavuma, naye ana mkasi mkubwa mkononi. Anaikata ile shela, anaitafuna, anazunguka, anajinyonganyonga ndani ya kitambaa mpaka hujui tena kama anacheza au anapigana. Mazungumzo hakuna. Kamera ni ndogo, ya zile za kupigia sherehe za nyumbani.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji: picha hiyo ni ya nani? Jarman aliweka moto, aliweka kamera, alikuja kuikata filamu baadaye. Lakini mshono wa kila sekunde ni wa yule dada. Hakuna mtu aliyemwandikia kwamba sasa ng'ata kitambaa, sasa zunguka kushoto. Ukimtoa yeye ukamweka mwigizaji mwingine, hubaki na picha ile ile yenye sura nyingine. Unabaki na picha nyingine kabisa. Hapo nadharia yetu ya kalamu inavunjika. Kalamu haichagui mwandiko.

Ndiyo maana nasema waandaaji wa Amsterdam, wajue wasijue, wamesimama upande wa banda la video. Wamempa mwigizaji umiliki. Na wamefanya hivyo bila kumfuta mwenzake anayetazama. Hili ni jambo ambalo banda halikuliweza na chuo hakikulijaribu.

Katika vyumba vyote, kilichonishika zaidi ni cha nguo. Saillard na Swinton wana historia: mwaka 2012, Paris, walifanya onyesho la jukwaani ambamo Swinton alileta mbele ya watu nguo kongwe za makumbusho, nguo ambazo sheria za uhifadhi hazimruhusu mtu kuzivaa. Hakuzivaa. Alizibeba mikononi, mmoja mmoja, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Watu wakaona mwili wa mvaaji ambaye hayupo. Amsterdam wamerudia wazo hilo kwa nguo zake mwenyewe: za filamu, za sherehe, za ukoo wake. Sisi tuliosoma sanaa za maonyesho tunaita vitu hivyo maleba, na tunaviandikia mistari miwili mwishoni mwa uhakiki, baada ya dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo. Huenda tumeanzia pasipo. Nguo ndicho kitu pekee kilichokuwepo siku ya kupiga picha, kikamgusa mwigizaji, na bado kipo. Utendaji umeyeyuka, kitambaa kimebaki na umbo la kiwiko.

Hogg ni rafiki yake wa utotoni. Alimwigizisha katika Caprice mwaka 1986, filamu ya kumalizia masomo, na baadaye katika The Souvenir na The Eternal Daughter. Safari hii amejenga upya nyumba ya kupanga ambayo Swinton aliishi London miaka ya 1980, mtazamaji aingie na kuzunguka ndani yake. Wazo ni zuri kidogo kuliko linavyostahili, kwa sababu chumba cha mtu maarufu huwa na mvuto hata kama hakina sanaa. Watu hupenda kuchungulia. Walker amempiga picha katika nyumba ya ukoo huko Uskoti. Almodóvar, Jarmusch, Guadagnino na Apichatpong wana vyumba vyao, na hapo ndipo ninapoanza kukunja uso. Marafiki wanane wanamzunguka mtu mmoja, kila mmoja anamletea zawadi. Hakuna hata mmoja anayemkatalia. Hivi kweli katika miaka arobaini ya kazi hakuna mtu aliyegombana naye kuhusu picha? Sanaa ya ushirikiano isiyo na ugomvi ni harusi, na kwenye harusi hotuba zote hufanana.

Kuna pingamizi kubwa kuliko hilo. Swinton anatoka katika ukoo wa kikabaila, mmoja wa koo kongwe kabisa za Uskoti. Simlaumu kwa kuzaliwa. Alipokuwa Cambridge alijiunga na chama cha Kikomunisti, kwa hiyo swali la tabaka si geni kwake. Lakini mhakiki ana wajibu wa kuuliza vitu hivi vilitunzwa wapi. Nguo za bibi na babu zinahitaji kabati, kabati linahitaji nyumba, na nyumba inahitaji ukoo ambao haukuhamishwa, haukufilisika, haukuuza kila kitu mwaka wa njaa. Maonyesho yanazungumza sana kuhusu urafiki. Urafiki ni neno tamu, lakini pia ni uhusiano wa uzalishaji mali: unaeleza nani anaweza kufanya kazi miaka tisa na mchoraji asiye na fedha bila kukosa kula. Mwigizaji wa Manzese hana urafiki wa namna hiyo. Ana deni la kodi.

Hapo ndipo inapobidi kuugeukia mlima. Kilimanjaro ni staringi wa siku nyingi. Mwaka 1952 Hollywood ilitoa The Snows of Kilimanjaro, Gregory Peck akiwa mgonjwa kwenye hema na theluji ikimngoja huko juu; sehemu kubwa ya picha ile ilipigwa studio, na ikapata uteuzi wa tuzo ya Oscar kwa usanii wa mandhari. Kwa maneno mengine, waliheshimiwa mafundi waliotengeneza Afrika kwa mbao na rangi. Mwaka 1962 ikaja Hatari!, na safari hii John Wayne na wenzake walifika kweli, wakapiga picha Momella, chini ya Meru, jirani zetu hapo. Wanyama ni wa kweli, vumbi ni la kweli. Waafrika wapo pembeni ya fremu, wanashika kamba.

Mlima na watu wake walionekana, na wanaonekana bado, kwenye kadi za posta, kwenye mabango ya wapagazi na watalii, kwenye chupa ya bia. Katika maana moja ya Kiswahili hizo ni picha zetu: sisi ndio tulio ndani yake. Katika maana ya pili, ya mwenye kutengeneza, na ya tatu, ya mwenye mali, si zetu hata kidogo. Watu wa Moshi hawahitaji nadharia ya kigeni kulielewa hili. Hapa ndipo penye mnada wa kahawa. Tangu enzi za KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, tumejua maana ya kupeleka buni mbichi na kuikuta mbali, imekaangwa, imesagwa, imepewa jina la mtu mwingine. Sura ya mtu nayo inaweza kuuzwa mbichi.

Yupo mmoja kutoka mteremko huu aliyekataa biashara hiyo mapema. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973, na mwaka 1978 akaanza kusoma anthropolojia ya jamii huko Stockholm. Akakuta kwamba taaluma ile ilimtaka awatazame watu wengine kama vitu vya kuchunguzwa, ilhali yeye mwenyewe, Mwafrika katikati ya Wazungu, alikuwa akitazamwa hivyo hivyo kila siku barabarani. Akageukia ushairi na rangi. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Halafu, kati ya 1984 na 1986, alifanya mradi wa Woman in the World: alikaa na wanawake wa Skive kule Denmark, kisha wa Dar es Salaam, kisha wa Calcutta, akawasikiliza, ndipo akachora. Aliyetazamwa alianza kwa kusema.

Mwaka 1982 alikuwa ameshajichora mwenyewe katika picha iitwayo Självporträtt, Åkersberga, nyuso zikiingiliana ndani ya uso mmoja. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 2022 na National Portrait Gallery ya London, ikawa picha ya kwanza ya rangi ya mwanamke Mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina yao. Ile "ya" yetu yenye utata hapa imetulia: picha ya Nicodemus ni ya Nicodemus kwa aliyechora na kwa aliyechorwa. Ila London ndiyo mwenye mali. Mwaka 2024, Edinburgh, anakoishi, walimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka arobaini. Kwa hiyo nchi ile ile ya Uskoti ina mwigizaji anayetafuta mwigizaji ni nani, na binti wa Marangu aliyejibu swali la anayetazamwa kwa kushika brashi mwenyewe.

Mtu atasema, basi kila anayetazamwa na ashike brashi, kesi iishe. Haiishi. Mwigizaji hawezi kujichora. Kazi yake inaanzia kwenye macho ya mtu mwingine. Akijitazama mwenyewe anaharibu. Ndiyo maana swali la Amsterdam ni gumu kuliko la Nicodemus, na ndiyo maana linatuhusu.

Chukua Maangamizi: The Ancient One, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyotoka mwaka 2001, ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Daktari Mmarekani Mweusi, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapa nchini. Anakutana na Samehe, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno, na nyuma ya Samehe yupo Maangamizi, mhenga anayekuja na kutoweka. Samehe anaigizwa na Amandina Lihamba. Sisi tunamjua Lihamba kama profesa, mwandishi wa Hawala ya Fedha, na mmoja wa walioanzisha mradi wa Tuseme pamoja na Penina Mlama mwaka 1996, mradi wa kuwapa wasichana wa sekondari sauti. Mtu huyo, aliyetumia umri wake akiwaambia wasichana waseme, anacheza mwanamke asiyesema!

Angalieni anachofanya. Hatumii macho ya kulialia ambayo sinema zetu zimeyazoea. Uso ameufunga kama mlango wa nyumba ambayo watu wamo ndani. Uzito wote ameushusha mabegani na viganjani, na pale Asira anapomsogelea, badiliko linaanzia kwenye pumzi kabla halijafika usoni. Ukinyamazisha sauti ya filamu bado utalifuata. Hiyo ndiyo kazi ile ile ya bibi harusi mwenye mkasi, imefanywa kwa utulivu. Waongozaji waliweka kamera. Ukimya ni wa Lihamba.

Na Asira ni nani? Ni BarbaraO, mwigizaji wa kundi la vijana Weusi waliosomea filamu Los Angeles. Alikuwa ameigiza Bush Mama ya Haile Gerima, na mwaka 1991 Daughters of the Dust ya Julie Dash. Katika filamu hiyo ya pili, aliyesanifu mandhari ni mchoraji Kerry James Marshall, na aliyeshika kamera ni Arthur Jafa. Wote wawili leo ni majina makubwa katika majumba ya sanaa ya dunia. Yaani mwanamke aliyepita mbele ya macho ya Marshall na Jafa ndiye aliyekaa mkabala na Lihamba katika hospitali ya filamu ya Kitanzania. Habari ya mwigizaji na wasanii wa macho tunayo hapa hapa. BarbaraO alifariki mwaka 2024. Nani amemwekea chumba?

Nimekuwa nikipanga chumba hicho kichwani. Ukuta mmoja ni Samehe bila sauti, pumzi tu. Mbele yake, nguo aliyovaa, kama ipo. Kwenye meza, mchoro wowote wa mandhari uliosalia, na majina ya walioshona, waliopaka rangi, waliofuma nywele, yaandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule. Mwanajuma Ali Hassan, aliyemwigiza Maangamizi, apewe ukuta wake. Na kwa kuwa chumba kinajengwa huku mlimani na mhusika anaitwa Samehe, mlangoni pawe na jani la isale, ambalo Mchaga humpelekea mtu anapoomba radhi. Wageni watauliza nani anamwomba nani radhi. Waulize tu.

Mwenzangu mmoja wa bwenini amepinga orodha hii yote. Anasema nimeanza na banda la video halafu nimeishia kwa maprofesa. Chumba cha kwanza, anasema, ni cha Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na miaka ishirini na minane, na ambaye watu walimzika kama kiongozi. Picha zilikuwa zake kwa kila maana banda linayoijua. Nilimjibu kwamba Kanumba hakufanya kazi na wasanii wa macho. Akaniletea kava la Devil Kingdom, ile aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria: sura zimebandikwa, moto nyuma, herufi zinawaka. "Na huyu aliyetengeneza hili ni nani?" Tukaligeuza nyuma, tukasoma mpaka anwani ya msambazaji. Tumekubaliana tuanzie hapo: kila mwenye makava ya zamani nyumbani ayalete, hata yaliyochanika, tutafute waliyoyachora na kuyapanga kwenye kompyuta. Wengi wao watakuwa hai, na pengine wamo humu humu mjini wanachora vibao vya saluni.